Super VC10 zetu hazikuishia kwenye vyuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Toleo lako la Jumapili iliyopita, ukurasa wa katikati, lilikuwa na picha ya ndege ya East African Airways ikiwa uwanjani Embakasi, Nairobi. Mwandishi wako ameeleza chini ya picha kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 zile ndege kubwa za abiria, Super VC10, ziliuzwa zikakatwakatwa kama vyuma chakavu. Kwa heshima zote, habari hiyo si kweli. Mpaka mwaka 2013, miaka thelathini na sita baada ya sisi kutawanyika, ndege zile zilikuwa bado zinaruka. Zilikuwa zimebadilishwa jina, rangi na kazi, na kazi yenyewe ndiyo iliyonifanya nishike kalamu kwa mkono huu unaotetemeka. Zilikuwa zinajaza mafuta ndege za vita zikiwa angani.

Niliingia Embakasi Januari 1968 nikitokea Muheza, kijana wa miaka ishirini na mmoja, nikapangiwa mizigo. Sikuwa rubani wala fundi. Nilikuwa mpakiaji, baadaye nikawa mnyapara wa wapakiaji, na hapo ndipo nilipoishia. Lakini mpakiaji huijua ndege kwa namna ambayo rubani haijui: anajua sakafu inalia wapi na kona ipi inachubua makasha. Na mimi nilichokijua kuliko vyote kwenye Super VC10 ni mlango.

Shirika letu liliagiza Super VC10 tano kutoka Uingereza. Ya kwanza ilifika mwaka 1966, ya mwisho mwaka 1970. Kwa kuwa zilikuwa mali ya nchi tatu, ziligawanywa hata kwenye usajili: 5X-UVA na 5X-UVJ zilikuwa za Uganda, 5Y-ADA ya Kenya, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania. Sisi wapakiaji tulizitaja kwa herufi za mwisho, kama mtu anavyowataja watoto wa jirani: leo tuna Mogi, Ada inachelewa kutoka Roma. UVA ndiyo tuliyoizika. Ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikijaribu kuruka, na watu 43 wakafa. Sitaki kuizungumzia zaidi ya hapo.

Zote tano zilikuwa na kitu ambacho Super VC10 za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, hazikuwa nacho. Upande wa kushoto, mbele, nyuma kidogo ya chumba cha marubani, palikuwa na mlango mpana wa mizigo uliofunguka kwenda juu, na sakafu ya sehemu ile ilikuwa imeimarishwa ibebe uzito. Sisi tuliuita geti. Shirika liliutaka kwa sababu njia zetu hazikujaa abiria mwaka mzima, kwa hiyo ndege ilipaswa kuweza kubeba watu nyuma na mizigo mbele katika safari hiyo hiyo moja. Kupitia geti lile nimepitisha magunia ya barua, maua, vipuri vya matrekta, piano moja ya kanisa, na vifaranga wa siku moja kwa maelfu, ndani ya makasha ya karatasi ngumu yenye matundu. Ukitaka kujua usiku wa Embakasi ulivyokuwa, simama chini ya geti saa nane, baridi ikikutafuna masikio, na juu ya kichwa chako vifaranga elfu wanalia kama mvua ya mawe juu ya bati.

Nilijifunza adabu ya ndege ile kwa kosa langu mwenyewe. Injini zake nne, Conway za Rolls-Royce, zote zimebanwa mkiani, mbili kila upande. Kwa hiyo ikiwa tupu, uzito wote umekaa matakoni. Kanuni ilikuwa moja: pua kwanza. Usiku mmoja, nikiwa bado mgeni, niliwaamuru vijana waanze na tumbo la nyuma kwa kuwa tela lilikuwa limeshasimama pale. Makasha yalipofika kama thelathini nikasikia mluzi mdogo kutoka mbele. Nikageuka. Mguu wa gurudumu la pua ulikuwa unarefuka taratibu, chuma king'avu kikichomoza inchi kwa inchi kama shingo ya kobe. Nilipiga ukelele ambao nadhani walisikia mpaka Athi River. Tuliyashusha makasha yale tukiwa tunakimbia. Tangu siku hiyo, hata nikipakia mkokoteni wa machungwa pale Muheza, naanza na mbele.

Jumuiya ilivunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa Februari 1977, kila mtu akarudi kwao na alichoweza kubeba. Super VC10 nne zilizobaki zilichukuliwa na waliozitengeneza kwa sababu ya madeni, zikarudishwa Uingereza zikaegeshwa. Mpaka hapo mwandishi wako yuko sahihi. Alipopotea ni kudhani kwamba ndege iliyoegeshwa imekufa.

Jeshi la Anga la Uingereza wakati huo lilikuwa linatafuta ndege za kugeuza ziwe maboza ya angani. Lilikuwa na ndege za Victor, zamani za kurusha mabomu, sasa maboza, nazo zilikuwa zinazeeka. Likanunua VC10 za kawaida tano, fupi kuliko Super, zilizokuwa za shirika la Gulf Air, na Super VC10 nne za kwetu, likazipeleka kwenye karakana za Filton, karibu na Bristol. Zile za Gulf Air wakaziita K2. Za kwetu zikawa K3. 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG ikawa ZA150. Angalia namba zilivyofuatana, Mhariri. Aliyeziandika aliwapanga ndugu kwa kuzaliwa.

Sasa lile geti. Boza la angani linahitaji matangi zaidi ya yale yaliyomo mabawani, na pa kuyaweka ni pale walipokuwa wanakaa abiria. Katika K3 waliweka matangi matano ya mviringo yenye kuta mbili, yakajipanga katikati ya ndege kama magogo ya mninga ndani ya behewa. Yaliingilia wapi? Mlangoni mwetu. Mlango ambao shirika letu liliulipia kwa ajili ya mizigo ya Afrika Mashariki ndio uliowarahisishia Waingereza kazi ile. Anayeona nazidisha chumvi atazame Super VC10 walizokuja kuzigeuza baadaye, zile zilizotoka British Airways, wakaziita K4. Hazikuwa na mlango wa mizigo, na hazikuwekewa matangi ya ndani kabisa. Kuyaingiza kungegharimu mno. K3 yenye matangi yake ilibeba mafuta tani 80 hivi. K4 haikufika hapo.

Nieleze kazi yenyewe, maana wasomaji wengi wataona ni maajabu ya Abunuwasi. Ndege ya vita ina mbio lakini ina tumbo dogo. Ikipaa na silaha zake, baada ya muda mfupi inatafuta pa kutua. Boza linatangulia, linafika mahali palipopangwa, tuseme juu ya Bahari ya Kaskazini, linazunguka humo kwa mzunguko mrefu wa yai, saa baada ya saa. K3 ilikuwa na mipira mitatu: mmoja chini ya kila bawa, mwingine mnene zaidi chini ya tumbo karibu na mkia. Mpira unafunguliwa kutoka kwenye roda yake, na mwishoni mwake kuna kapu linalofumuliwa na upepo, mfano wa dema la samaki lililogeuzwa mdomo. Ndege inayotaka mafuta ina mrija mgumu uliotokeza mbele. Rubani anajisogeza nyuma ya kapu, anasubiri taa. Nyekundu: kaa mbali. Ya manjano: njoo. Anasonga kwa mwendo unaozidi wa boza kidogo tu, kama mtu anayetembea kwa miguu, ingawa zote mbili zinakwenda mamia ya kilomita kwa saa. Mrija ukishika kapu anasukuma mpira mbele kidogo, valvu inafunguka, na taa ya kijani inamwambia mafuta yanatiririka.

Aliyekuwa anagawa mafuta hayo ni mhandisi wa ndege, yule anayekaa nyuma ya marubani akitazama ukuta wa saa na swichi. Alikuwa na televisheni ndogo inayomwonyesha mkiani. Wahandisi wetu wa East African walikaa kiti kile kile. Kazi yao ilikuwa kuhamisha mafuta kutoka tangi hadi tangi ndege isije ikainua pua, na yule Mwingereza naye alikuwa na hofu hiyo hiyo, tena yeye alikuwa anayatoa nje kabisa. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu sebuleni. Pua kwanza, bwana.

Boza lenyewe pia lilikuwa na mrija wake puani, ili liweze kunyweshwa na boza jingine. Mbinu hii ya mpira na kapu ilitoka katika kampuni aliyoianzisha Alan Cobham mwaka 1934. Ni Cobham yule yule aliyeruka kutoka London hadi Cape Town na kurudi mwaka 1925 na 1926, akapita na huku kwetu, wakati wazee wetu bado wanaiita ndege "ndege Ulaya".

Kikosi kilichopewa ndege zetu ni cha 101, makao yake Brize Norton, wilaya ya Oxford. Si kikosi cha jana. Kiliundwa tarehe 12 Julai 1917 kurusha mabomu usiku. Katika vita vya pili vya dunia kiliruka na ndege za mabomu za Lancaster kutoka Ludford Magna zikiwa na mtu wa nane ndani, anayejua Kijerumani, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza redio za adui na kuzivuruga. Redio zile zilimwita adui pia. Kikosi kilipoteza watu zaidi ya elfu moja. Mwaka 1951 kikawa cha kwanza Uingereza kupewa ndege za mabomu za jeti, Canberra, kisha kikapewa Vulcan, nazo za mabomu.

Hapa pana kisa kimoja nakipenda. Tarehe 30 Aprili 1982, wakati wa vita vya visiwa vya Falkland, Vulcan moja iliondoka kisiwa cha Ascension kwenda kupiga uwanja wa ndege wa Stanley, zaidi ya kilomita 6,000 kwa safari ya kwenda tu. Nahodha wake, Martin Withers, alikuwa mtu wa kikosi cha 101. Ili Vulcan hiyo moja ifike na kurudi, yalihitajika maboza ya Victor kumi na moja, yakinyweshana yenyewe kwa yenyewe njia nzima, moja likimimina kwa jingine kisha likigeuka nyumbani na kilichobaki. Safari ilichukua karibu saa kumi na sita. Agosti ya mwaka huo huo kikosi kikavunjwa. Kikafufuliwa tarehe 1 Mei 1984, safari hii kikiwa na VC10. Waliokuwa wananyweshwa wakawa wanyweshaji.

Na nembo yao, Mhariri! Simba anayechomoza juu ya mnara. Mnara ni kumbukumbu ya ndege yao ya zamani, Overstrand, iliyokuwa na kibanda cha mtutu kinachozungushwa kwa mashine. Lakini mimi nikiona simba na ile ndege pamoja naona simba wetu wa East African, ambaye tulimbandika mpaka kwenye mifuko ya begani. Alihama nyumba tu.

Mpaka wa Namanga ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Katika miaka iliyofuata sisi Watanzania, Wakenya na Waganda tulikuwa bado tunagawana mali za Jumuiya na kununiana. Wakati huo huo Mmt, Ada, Uvj na Mogi walikuwa wameegeshwa lami moja Brize Norton, mkiani wakiandikwa F, G, H na J, wakiazimana vipuri. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha Novemba 1999. Wao hawakuwahi kuachana.

Januari na Februari 1991 nilikuwa nasikiliza vita vya Ghuba kila jioni, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, redio yangu ya mbao ikiwa juu ya kabati. Nilijua habari za Riyadh na Bahrain kama za Korogwe. Sikujua kwamba VC10 zote za kikosi cha 101 zilikuwa kule, kwanza Muharraq, Bahrain, kisha Riyadh, zikinywesha ndege zinazokwenda Iraki, na kwamba kati ya hizo tisa, nne nimezipakia kwa mikono hii. Nilikuja kujua miaka mingi baadaye, mpwa wangu anayefanya kazi Oxford aliponiletea karatasi alizochapa kutoka kwenye kompyuta, akidhani ataniburudisha. Sikulala.

Maana nami nina neno langu hapo. Boza halirushi bomu. Lakini bomu lisingefika bila boza, na mpakiaji hawezi kujifanya hajui kilichomo kwenye kasha. VC10 za kikosi kile zilikwenda Kosovo mwaka 1999, Afghanistani, Iraki tena mwaka 2003. Machi 2011 zilisaidia ndege za Tornado zilizotoka Marham, Uingereza, zikapiga Libya na kurudi bila kutua. Libya ni Afrika. Ndege iliyonunuliwa kwa jasho la pamba, kahawa na katani ya kwetu, ikiwa sehemu ya kikosi kile. Wapo wenzangu wa Embakasi wanaoona fahari tupu katika habari hii. Mimi naona fahari, na naona kitu kingine nisichokuwa na jina lake, na nimeamua kuviacha vikae pamoja.

Kazi nyingine zilikuwa za kawaida zaidi: kusindikiza ndege za kivita kuvuka Atlantiki, kukaa macho kule Falkland ambako boza moja lilikuwa zamu daima, na kupaa usiku kuzinywesha ndege zilizotumwa kwenda kuzitazama ndege za Kirusi zinazopita kaskazini ya Skotilandi. Miaka nenda rudi. British Airways waliziachisha kazi Super VC10 zao mwaka 1981. Za kwetu ziliendelea miaka thelathini na mbili zaidi ya hapo.

Mwisho wake ndio uliofanya nitake kusahihisha gazeti lako. Ijumaa ya tarehe 20 Septemba 2013 VC10 zilifanya kazi yao ya mwisho ya kujaza mafuta. Katika aina nzima ya ndege 54 zilizowahi kutengenezwa, zilikuwa zimebaki mbili zinazoruka. Ni zipi? ZA147 na ZA150. Kwa maneno mengine, 5H-MMT na 5H-MOG. Zote mbili za Tanzania. Jumanne yake Mogi, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kutoka kiwandani, ilitua Dunsfold ikakabidhiwa makumbusho ya Brooklands. Jumatano, tarehe 25, Mmt ilitua Bruntingthorpe, na baada ya magurudumu yake kugusa lami hakuna VC10 iliyopaa tena duniani. Ada ilikuwa imeshatangulia Newquay mwezi Agosti. Uvj nayo ilipelekwa Bruntingthorpe, na hiyo kweli ilikuja kukatwa. Kama mwandishi wako alikuwa na maana ya hiyo, amekosea kwa zaidi ya miaka thelathini na kwa ndege tatu.

Kikosi cha 101 kipo bado. Sasa kina Voyager, ndege ya Airbus yenye injini mbili tu, nazo ziko chini ya mabawa. Sina shaka ni ndege nzuri. Wapakiaji wake hawatajua kamwe raha ya kuona gurudumu la pua likibaki chini.

Naomba mambo mawili. Kwanza, masahihisho yachapwe ukurasa ule ule wa katikati, si chini ya matangazo ya vifo. Pili, wasomaji wenu walioko Uingereza, hasa vijana wanaofanya kazi kusini karibu na Surrey, mmoja wao aende Dunsfold au aulize Brooklands aruhusiwe kusimama upande wa kushoto wa ZA150, mbele, atazame kizingiti cha chini cha lile geti, kona ya nyuma. Mwaka 1973 piano ya kanisa iliacha mkwaruzo pale urefu wa kiganja. Nilijaribu kuusugua kwa msasa kabla mhandisi hajafika, nikauongeza. Kama rangi za jeshi hazijaufunika, apige picha.

Nimeweka ndani ya bahasha hii picha ya kundi letu la zamu ya usiku tukiwa chini ya 5Y-ADA. Mnaweza kuichapa. Lakini narudia, ni moja tu ninayo, na ile niliyowatumia miaka ya nyuma kuhusu bendi ya Embakasi sijarudishiwa mpaka leo. Mpwa wangu atapita ofisini kwenu kuichukua.

Wako,
Mzee wa Mizigo,
Chumbageni, Tanga